Kufunga kidonda sugu cha mguu kwa mvuto: gozi, mpira wa puani na sakshen ya wodini

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu au daktari wa hospitali ya wilaya mwenye mgonjwa wa kisukari aliyetoka chumba cha upasuaji na shimo mguuni: kidole kimekatwa, au jipu la unyayo limepasuliwa na nyama mfu imeondolewa. Shimo linatoa majimaji kutwa, bandeji ya asubuhi imeshalowa kabla ya saa sita, na kufungua na kufunga mara mbili kwa siku kumemchosha kila mtu, mgonjwa kwanza. Mashine za kiwandani za kazi hii zipo, ila bei yake, pamoja na sponji zake zinazotupwa kila baada ya siku 2 au 3, huziweka mbali na wodi nyingi. Ukizifungua utakuta vitu vitatu tu vinavyofanya kazi: kitu cha kujaza shimo, plasta isiyopitisha hewa, na mvuto mdogo unaodumu, ambao hapa utatoka kwenye sakshen, mashine ya kunyonya majimaji. Vyote vitatu unaweza kuvipata stoo. Ikiwa unasoma haya ukiwa nyumbani na kidonda chako mwenyewe, usijaribu. Nenda hospitali ukaombe.

Mvuto hunyonya majimaji yanayooza kingo za kidonda, hupunguza uvimbe unaobana mishipa midogo ya damu, husogeza kingo zikaribiane, na kule kuvutwavutwa kwa nyama huichochea kuota. Louis Argenta na Michael Morykwas wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walichapisha mwaka 1997 majaribio yao kwa nguruwe: kwenye mvuto wa milimita 125 za zebaki (kipimo kilekile cha shinikizo la damu), damu ya pembeni mwa kidonda ilitiririka mara 4 ya kawaida, lakini mvuto ulipofika 400 mtiririko ulizuiwa. Kumbuka namba hizo mbili siku utakapotamani kukaza zaidi ili kidonda kipone upesi. Ukikaza zaidi unaikaba nyama.

Hao wawili walitumia sponji. Watabibu wengine wa Marekani, Chariker na Jeter, walikuwa wameshatumia gozi mwaka 1989, kwa mvuto wa chini zaidi, 60 hadi 80. Sisi tunapendekeza gozi. Hospitali tayari inaitakasa kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke, haimeng'enyuki ndani ya kidonda kama sponji ya godoro, na hakuna ajuaye sponji ya dukani imetiwa kemikali gani kiwandani. Kwa hiyo namba ya kushika katika mwongozo huu ni 80.

Nani asifungwe

Hapa ndipo watu hufa, kwa hiyo usiruke. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Novemba 2009 baada ya kupokea taarifa za vifo 6 na majeruhi 77 ndani ya miaka 2 kwa tiba hii, tena kwa mashine za kiwandani zenye kengele. Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa kutoka damu. Usifunge kwa mvuto kidonda chenye mshipa wa damu ulio wazi, chenye nyama nyeusi ngumu ambayo bado haijakatwa, chenye mfupa wenye usaha usiotibiwa, au kinachochuruzika damu. Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asubiri uamuzi wa daktari. Kidonda cha miaka mingi chenye kingo zilizoinuka na kupinduka kikatwe kipande kiende maabara kwanza, kansa haivutwi.

Halafu kuna damu ya kuingia. Mguu usiofikiwa na damu hauponi kwa kuvutwa, huwa mweusi. Tafuta mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Kama una Doppler ya mkononi, kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu, chukua shinikizo la damu la kifundo uligawe kwa la mkono. Jibu likiwa chini ya 0.5, au shinikizo la kifundo lenyewe likiwa chini ya milimita 50 za zebaki, mpeleke kwa daktari wa mishipa haraka na usiwashe mashine. Jibu likizidi 1.3 usifurahi. Mishipa ya mwenye kisukari mara nyingi imeingia chokaa, mkanda unashindwa kuibana, na namba inapanda ya uongo. Hapo pima shinikizo la kidole gumba cha mguu: chini ya 30 ni hatari ileile.

Pima mfupa pia. Chukua kijiti cha chuma kilichotakaswa, chenye ncha butu, ukiingize polepole kwenye sakafu ya kidonda. Kikigota kitu kigumu kama kokoto, chukulia kwamba mfupa umeambukizwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Eksirei ya wiki 2 za mwanzo inaweza kuonekana safi huku mfupa unaliwa.

Jambo la mwisho la kuchuja: kundi la kimataifa la mguu wa kisukari, IWGDF, katika mwongozo wake wa 2023 linaukubali mvuto kama nyongeza kwa vidonda vilivyobaki baada ya upasuaji, na linakataa usitumike kwa kidonda cha kawaida cha unyayo ambacho hakikupasuliwa. Hicho cha pili kinahitaji kitu kingine, nacho tutakifikia mwishoni.

Kusafisha

Kidonda kinachokuja kutoka nyumbani mara nyingi kina historia ya unga: dawa ya rangi mbili iliyofunguliwa na kumwagwa juu, au GV iliyopakwa hadi kila kitu kikawa zambarau. Unga huo huganda na majimaji ukawa gamba, na chini ya gamba usaha unaendelea na kazi yake. Rangi ya GV nayo inakuficha wekundu wa maambukizi. Usimgombeze mgonjwa, alitibu kwa alichokuwa nacho. Lowesha gamba kwa gozi yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa dakika 15 ndipo uliondoe.

Suuza kwa mililita 250 hadi 500 za maji hayohayo, ukitumia sirinji ya mililita 20 iliyovishwa ule mrija laini wa kanula namba 18, bila sindano yake. Nguvu inatosha kung'oa uchafu, nawe hujichomi. Usitumie spiriti wala haidrojeni peroksidi. Zinaua nyama changa pamoja na vijidudu.

Kisha kata. Kunyoosha kingo ndiko kunakoamua matokeo, na ndiko kunakofanywa kwa woga. Ile ngozi ngumu ya pembeni, sugu yenyewe, hukaa kama jiwe ndani ya kiatu na huzuia ngozi mpya isitambae. Ipunguze kwa kisu hadi iwe sawa na ngozi ya jirani. Utando wa njano na nyama ya kijivu uondoe mpaka ufikie nyama inayotoa damu kidogo kidogo. Bonyeza kwa gozi dakika 10 bila kuchungulia. Damu ikikatika, endelea. Isipokatika, jaza gozi, funga kawaida, na mvuto usubiri kesho yake.

Pima urefu na upana kwa sentimita, na kina kwa kijiti cha pamba, uandike. Kidonda cha sentimita 6 kwa 4 ni 24 za mraba. Baada ya wiki 4 kinatakiwa kiwe 12 au chini ya hapo. Kisipofika nusu, uwezekano wa kufunga ndani ya wiki 12 ni mdogo, na maana yake kuna kitu umekosa: damu, mfupa, au mgonjwa anakikanyaga.

Vya kuandaa mezani

- roli 1 au 2 za gozi tasa, ndefu, si vipande
- gozi moja yenye vaselini
- mpira wa kulishia puani namba 14 au 16
- plasta pana ya uwazi ile ya chumba cha upasuaji, ya kutosha kuvuka kingo kwa sentimita 5 kila upande
- haidrokoloidi (plasta nene inayolainika kwa joto), ukanda wa upana wa sentimita 2
- tinkcha ya benzoini, ya kunatisha plasta
- sakshen yenye geji na kirekebishi, chupa yenye boya la kuzuia kufurika, na kichujio kati ya chupa na pampu
- vibanio 2 vya mpira

Kichujio kikikosekana, majimaji na vijidudu huingia kwenye pampu. Siku chache baadaye mashine inanuka na kufa, na wodi nzima imekosa sakshen ya kumnyonyea mgonjwa anayepaliwa. Kwa sababu hiyohiyo usichukue sakshen pekee ya dharura iliyopo. Na zile chupa za plastiki za kunyonya damu baada ya upasuaji, zinazokuja zikiwa na mvuto wake ndani, ziache: mvuto wake ni mkali mno, tena haurekebishiki.

Kufunga

Punguza nywele kwa mkasi au mashine, si wembe. Osha ngozi ya pembeni kwa sabuni, suuza, kausha mpaka ikauke kweli, paka benzoini na subiri hadi inate kidoleni. Plasta nyingi zinazovuja ziliharibika hapa, kwa haraka ya dakika 2.

Laza gozi ya vaselini tabaka moja juu ya kano au mfupa ulio wazi. Lowesha roli ya gozi kwa maji ya chumvi, kamua isidondoke, kisha ijaze shimo ukiipeperusha kama unavyotandika, bila kuisindilia. Ingia kila pango na kila handaki, na uache mkia unaoonekana. Tumia roli moja kadiri inavyowezekana. Zikiwa mbili, andika "2" kwa kalamu ya wino juu ya plasta na kwenye faili. Kipande kilichosahaulika ndani hugeuka jipu wiki 2 baadaye, na anayefungua siku hiyo huwa si yule aliyefunga.

Chukua mpira wa puani, ongeza matundu 4 hadi 6 kwenye sentimita 5 za mwisho, yakipishana pande, kila tundu lisizidi robo ya mzunguko wa mpira, la sivyo mpira unajikunja hapo. Ulaze katikati ya gozi, gozi chini yake na gozi juu yake. Tundu lolote likibaki nje ya gozi litanyonya hewa. Mpira utokee juu ya wayo au pembeni, kamwe usipite chini ya unyayo wala juu ya kifundo. Ukimwuliza bibi kama mpira unamuumiza atakujibu "hapana, mwanangu", naye anasema kweli, kwa sababu mguu wake hausikii. Jibu hilo lisikutulize. Inua mguu utazame mwenyewe, mara 2 kwa zamu.

Sasa plasta, na hapa nenda taratibu kuliko pote. Mahali mpira unapotokea ndipo hewa huingia, kwa kuwa kitu cha duara hakilali juu ya kitu bapa. Vipembe viwili hubaki wazi kando yake. Dawa yake ni hii. Tandika ukanda wa haidrokoloidi kwenye ngozi pale mpira utakapopita, laza mpira juu yake, funika na ukanda wa pili, bana kwa vidole mpaka joto la mkono liulainishe na uzibe vipembe. Ndipo ulete plasta pana juu, uiache nyuma ya mpira ijishike yenyewe kwa yenyewe kwa sentimita 2, kama mbavu za mwavuli zinavyoshika kitambaa, mpira ukipita katikati ya mshono badala ya kulala juu ya ngozi. Tandaza plasta kutoka katikati kwenda nje bila kuivuta. Plasta iliyovutwa hutunga malengelenge ikirudi.

Kati ya vidole kuna uvujaji usiozibika kwa plasta moja. Weka kipande cha gozi kavu kila kati ya vidole, kisha funika sehemu yote ya mbele ya mguu kwa plasta mbili, moja ya chini na moja ya juu, zikutane mbele ya vidole zigandane kama mfuko.

Kuwasha

Weka mvuto kabla ya kuunganisha. Washa mashine, ziba ncha ya mpira wake kwa kidole gumba, zungusha kirekebishi hadi geji isome 80 huku umeziba, kisha ishushe hadi 50 ya kuanzia. Ukirekebisha ukiwa umeacha wazi, geji itakudanganya, na ukishaunganisha itaruka juu. Soma pia kipimo cha geji yako, kwani si zote zina milimita za zebaki: 80 ni karibu kilopaskali 11, au bar 0.11, au inchi 3 za zebaki. Aliyezoea milimita akiona "80" kwenye geji ya kilopaskali, anampa mgonjwa mvuto wa 600.

Unganisha, anza na 50, panda hadi 80 ndani ya dakika 10. Gozi inatakiwa inywee mbele ya macho yako, iwe ngumu na yenye makunyanzi, kama zabibu kavu. Sikiliza kwa sikio karibu: mluzi ni tundu. Pitisha kidole kilicholowa ukingoni, pale mluzi unapobadilika sauti ndipo bandika kiraka. Halafu bana mpira na uzime mashine. Gozi ikibaki imenywea kwa nusu saa, umefunga vizuri.

Jaribio hilo lina maana kubwa kwetu. Sakshen za kawaida hazikutengenezwa kukimbia saa 24, injini inachemka, na umeme unakatika. Plasta isiyovuja hukuwezesha kubana, kupumzisha mashine, na kurudi. Danielle Zurovcik wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alitengeneza pampu ya mkono isiyotumia umeme, iliyopelekwa Haiti baada ya tetemeko la 2010. Pampu ya namna hiyo inawezekana tu pale uvujaji ni mdogo, kwani anayevujisha hewa nyingi anahitaji injini kubwa. Kwa hiyo umeme ukikatika, bana mpira kwanza ndipo uzime. Jumlisha saa ambazo gozi imelegea, si saa ambazo mashine imezimwa. Zikipita 2 ndani ya saa 24, fungua kila kitu, toa gozi, na ufunge kidonda kwa gozi yenye unyevu. Gozi iliyolegea chini ya plasta isiyopitisha hewa ni chungu cha kuchemshia vijidudu.

Kila saa 4 tazama geji, gozi, rangi ya vidole na chupa. Maji ya rangi ya chai hadi wekundu uliofifia ni ya kawaida siku ya kwanza. Damu nyekundu angavu ikionekana kwenye mpira, zima mvuto papo hapo, acha gozi mahali pake, bonyeza kwa nguvu kwa kiganja, inua mguu, ita daktari wa upasuaji. Usifungue "kuangalia inatoka wapi". Homa, wekundu unaovuka sentimita 2 kutoka ukingoni, au harufu inayobaki baada ya kusuuza ni maambukizi. Mvuto usimame, dawa ianze, kidonda kipasuliwe tena ikibidi.

Kubadilisha na kuacha

Badilisha kila baada ya saa 48 hadi 72, na mapema zaidi, saa 24, kama kulikuwa na maambukizi. Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla. Wapo ambao mguu wao bado unasikia. Zima mvuto, ingiza mililita 20 za maji ya chumvi kupitia mpira uleule, bana, subiri dakika 15. Gozi itatoka bila kung'oa nyama uliyoingojea siku 3. Plasta ivute sambamba na ngozi, usiiinue. Hesabu roli.

Nyama nzuri ni nyekundu ya nyama ya ng'ombe mbichi, ina punjepunje, na inatoa damu ikiguswa kidogo. Ikiwa ya pinki iliyofifia na kuteleza, shuku sukari, damu au vijidudu. Acha mvuto nyama ikifika usawa wa ngozi, ambapo daktari anaweza kupandikiza ngozi au ukaendelea na kufunga kawaida. Acha pia kama wiki 2 zimepita na vipimo havijasogea.

Kukanyaga

Muda wote mashine inafanya kazi, mguu huo haukanyagi, hata kwenda chooni. Magongo au kiti cha magurudumu. Gozi inaposhuka na mashine kuondoka, tatizo la mwanzo liko palepale: unyayo usiosikia unaobeba uzito wa mwili. Kidonda cha unyayo ambacho hakikupasuliwa kinaanzia hapa moja kwa moja. Viatu vya kuvuliwa havitoshi. Mwaka 2003 David Armstrong na wenzake, Marekani, waliweka vipimo vya hatua kwa wagonjwa na kwenye viatu walivyopewa, wakakuta vimevaliwa kwa asilimia 28 tu ya shughuli za siku. Mtu asiyesikia maumivu hana kinachomkumbusha.

Ndiyo maana chaguo la kwanza ni hogo la P.O.P. (jasi inayokauka ikawa ngumu) lisilovulika, kutoka chini ya goti hadi kufunika vidole, endapo hakuna maambukizi na damu inafika. Mgonjwa alale kifudifudi, goti na kifundo vikiwa pembe mraba. Kidonda kifunikwe kwa gozi nyembamba, gozi iwekwe kati ya vidole, soksi ya pamba ivutwe bila mkunjo. Bandika kitambaa kinene cha milimita 6 juu ya muundi na kila kifundo, sponji laini juu ya vidole. Pamba iwe kidogo sana kwingineko: ikiwa nyingi itabonyea, mguu utacheza ndani, na hogo lenyewe litatoboa kidonda kipya. Laza P.O.P. ukiifinyanga kwa kiganja, si kwa ncha za vidole, ambazo huacha vishimo vya kubana ndani. Ongeza kisigino cha mpira, na asikanyage kwa saa 24.

Hogo la kwanza likatwe baada ya saa 48 hadi 72, kwa kuwa uvimbe hupungua haraka na hogo hubaki limelegea. Yanayofuata ni kila wiki 1 hadi 2. Mwambie yeye, na mwambie anayeishi naye: likilegea, likinuka, likilowa kutoka ndani, au akipata homa, aje siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.